Salsa Isiyogeuka Supu

Kabla hujagusa kisu, tafuta chujio. Si lile la chai, hilo dogo mno. Tafuta lile kubwa la kuchujia tambi, au ungo wenye matundu. Bila hilo salsa yako itakuwa nzuri saa 6 mchana, na ikifika saa 7 ni maji mekundu yenye vitunguu vinavyoelea.

Yalinikuta. Mara ya kwanza kuwaandalia wageni nilikata kila kitu asubuhi, nikachanganya, nikatia chumvi, nikafunika na kujiona fundi. Walipofika, nusu ya bakuli ilikuwa maji. Mtoto mmoja akaniuliza kwa adabu zote kama kuna kijiko cha supu. Tangu siku hiyo naijua kazi yenyewe ni ipi: ni kuyadhibiti maji ya nyanya. Kukata na kuchanganya huhitaji kufundishwa na mtu.

Tuelewane kwanza tunatengeneza nini. Kwa Kihispania, salsa ni sosi tu, ya aina yoyote ile. Ya leo ni ile mbichi ya Meksiko, pico de gallo, yaani mdomo wa jogoo. Wapo wanaoiita salsa bandera, salsa ya bendera, kwa sababu kijani, nyeupe na nyekundu za bakuli ndizo rangi za bendera yao.

Najua unachotaka kusema. Hii si kachumbari? Ni ndugu yake, lakini si pacha. Kachumbari unaikata vipande vyembamba na kuipakua pembeni ya pilau. Salsa inachotwa kwa kitu kikavu, kwa hiyo kila kipande kinatakiwa kiwe kidogo, kama punje ya mahindi hivi, ili kikae bila kudondokea shati la mtu. Halafu kwenye salsa pilipili na giligilani si hiari. Ukiziacha, umetengeneza kachumbari iliyokatwa kwa fujo.

Ukienda sokoni kwa ajili ya watu 4, beba nyanya nusu kilo, kitunguu 1 cha wastani, pilipili mbichi 1 au 2, ndimu 2 na fungu dogo la giligilani. Kenya wataiita dania, na Unguja ukisema kotmiri utapewa hiyo hiyo. Chumvi unayo nyumbani. Basi, hakuna kingine. Mafuta, sukari, tomato sosi ya chupa, viache vilipo.

Nyanya usizichague kwa ukubwa. Zile kubwa za duara, laini, zinazong'aa, ndani zimejaa maji. Chukua zenye umbo la yai au zilizokaa kimraba, nzito mkononi, zenye nyama nene. Muuzaji akikwambia ni Tanya, Cal J au Rio Grande, umepata. Kama hajui jina la mbegu, na mara nyingi hajui, mwombe akukatie moja. Angalia ukuta wa nyama: ukiwa mnene kama kidole chako kidogo, nunua.

Ziwe zimeiva kabisa, nyekundu mpaka mabegani. Nusa pale kikonyo kilipokuwa. Kama hazinuki nyanya, salsa nayo haitakuwa na ladha ya nyanya, na hakuna ndimu itakayokuokoa. Zikiwa bado ngumu, ziache mezani siku 2, kikonyo kikitazama chini. Usiziweke kwenye friji. Baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi inaua harufu yake, na kwenye salsa harufu ndiyo uliyoilipia.

Sasa osha. Najua unaosha, lakini hapa osha kwa makini zaidi, maana hakuna moto utakaokuja kukufichia uzembe. Nyanya, ndimu na pilipili zisugue kwa mkono chini ya maji yanayotiririka. Giligilani itumbukize kwenye bakuli la maji, itikise, mwaga, rudia mpaka mchanga uishe. Kama huyaamini maji ya bomba lako, tumia yaliyochemshwa na kupoa. Mwaka 2008 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa salmonela uliosababisha zaidi ya watu 1,400 kuugua. Lawama zote zilianzia kwa nyanya, watu wakaacha kuzinunua. Uchunguzi ulipoendelea, kidole kikaelekea kwa pilipili mbichi, jalapeño na serrano. Kwa hiyo ile pilipili moja unayoifuta kwenye nguo na kuikata, nayo ioshe.

Baada ya kuosha, kausha. Tandaza taulo safi la jikoni, vipanguse. Maji uliyoingiza kwa kuoshea ni maji vilevile, utayakuta kwenye bakuli.

Kisu kiwe kikali. Kisu butu hakikati nyanya, kinaikamua. Jaribu: kikiteleza juu ya ganda badala ya kuingia kwa uzito wake, kinoe. Kama huna kinoo, geuza kikombe cha udongo, lile duara la kitako lisilong'aa litakutosha kwa leo.

Kata nyanya kwa urefu, toa kile kiini kigumu cha kikonyo, lalisha nusu kwenye ubao ganda likiwa chini, kata mistari, geuza, kata vipande vidogo. Watu wengi watakwambia uchote mbegu zote utupe. Mimi sikubaliani nao. Ule utelezi unaozunguka mbegu una ladha kuliko nyama yenyewe. Ukiutupa wote unabaki na vipande vikavu visivyo na la kusema. Chota mbegu pale tu nyanya zako zinapokuwa za majimaji kweli kweli, na hata hapo acha nusu.

Badala ya kutupa, chuja. Weka vipande kwenye chujio, chujio juu ya bakuli, nyunyiza chumvi nusu kijiko cha chai, changanya kwa vidole taratibu. Acha dakika 15 mpaka 20. Chumvi itayavuta maji nje, na wakati huohuo itaikoleza nyanya mpaka ndani. Utashangaa kiasi kitakachodondoka. Hayo ndiyo maji yaliyokuwa yaje kukuaibisha mbele ya wageni.

Usiyamwage! Kamulia ndimu, tia barafu, kunywa ukiwa hapo hapo jikoni. Au yaingize kwenye maji ya wali. Mpishi ana haki yake.

Wakati nyanya zinadondosha, shughulikia kitunguu. Meksiko hutumia zaidi kitunguu cheupe. Chetu chekundu kina ukali zaidi, lakini kinafaa na rangi yake inapendeza. Kikate vidogo kuliko nyanya. Sasa, kama umekulia nyumba ya kachumbari, mkono wako utataka kukitia chumvi, kukifikicha na kukikamua. Uzuie. Kitunguu kilichofikichwa kinalegea, na kwenye salsa tunataka kilie kikitafunwa. Kiloweke kwenye maji baridi dakika 10, kichuje, kikaushe. Ule ukali wa kukaa mdomoni mpaka jioni utakuwa umeondoka. Ukipenda, kiloweke kwenye maji ya ndimu 1 badala ya maji matupu. Kitageuka cha waridi na kupendeza.

Pilipili ndiyo sehemu ya kwenda polepole. Wameksiko hutumia serrano au jalapeño. Ya kwetu iliyo karibu nazo ni ile ndefu ya kijani, ya kuweka kwenye sambusa. Anza na hiyo. Ina nyama, ina ladha ya majani, na ukali wake unavumilika.

Pilipili mbuzi ni habari nyingine. Ni jamii moja na habanero ambayo watu wa Yucatán, kusini mashariki mwa Meksiko, hawali bila. Harufu yake ni ya matunda, tamu hasa, lakini usiibadilishe moja kwa moja. Kwenye kipimo kilichoanzishwa na Wilbur Scoville mwaka 1912, jalapeño hucheza kati ya 2,500 na 8,000, habanero huanzia 100,000. Kwa nusu kilo ya nyanya, robo ya pilipili mbuzi inatosha sana. Pilipili kichaa mimi siiweki. Inaunguza bila kuleta harufu ya maana, na kipande chake kimoja kikijificha, mgeni mmoja ndiye atakayelipia wote.

Ukitaka kupunguza makali, usihangaike na mbegu peke yake. Moto umekaa kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Ukwangue kwa ncha ya kijiko. Ukitaka makali, uache. Kata ndogo sana, kama mchanga mnene, ili kila mtu apate kidogo na asiwepo atakayepata yote.

Na mikono? Kabla ya kukata, paka mafuta ya kupikia kidogo kwenye vidole. Ukimaliza, paka tena, kisha osha kwa sabuni. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, maji matupu yanausambaza tu. Ukisahau na kujisugua jicho, utanikumbuka.

Giligilani tumia majani pamoja na vijiti vyembamba vya juu. Vijiti hivyo vina harufu kuliko majani, na ni dhambi kuvitupa. Kusanya fungu, likaze kwa vidole, kata mara moja kwa kisu kikali. Ukirudia kulipondaponda ubao utabaki wa kijani na giligilani itabaki nyasi. Yupo mtu katika ukoo wako anayesema inanuka sabuni. Hana maringo, kuna watu wamezaliwa na pua ya hivyo. Mtengee lake kabla hujaitia.

Kidogo nitoke nje ya mada. Nyanya na pilipili asili yake ni Amerika, na hata jina la tomato limetoka kwenye Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Lakini kitunguu, giligilani na ndimu vilivuka bahari kutoka upande huu wa dunia, Wahispania wakavipeleka. Kwa hiyo bakuli hili limekutanisha pande mbili, na kachumbari yako nayo ni hivyo hivyo, kwa njia ya kurudi. Basi, turudi jikoni.

Kuchanganya kuna mpangilio wake. Nyanya zilizochujwa kwanza, kisha kitunguu, kisha nusu ya pilipili. Onja. Ongeza pilipili kama moyo unataka. Kamulia ndimu 1. Giligilani iingie mwisho, kwa sababu tindikali ikikaa nayo sana inaififisha rangi. Geuza kwa kijiko kikubwa mara 5 au 6, usikoroge kama uji.

Ndimu ikiwa ngumu, ibingirishe mezani kwa kiganja ukiikandamiza, itatoa maji zaidi. Ukikosa ndimu, limau linafaa, ila ongeza kidogo. Siki usitie. Siki hupiga kelele mpaka nyanya isisikike.

Sasa kosa ambalo hata wazoefu hulifanya: kuonja kwa kijiko. Onja kwa kile kitakacholiwa nayo. Kama ni chipsi za muhogo zenye chumvi, chukua chipsi moja, chota, tafuna, ndipo uamue. Salsa iliyokolea kwenye kijiko itakuwa chumvi tupu juu ya chipsi. Ukiona imepooza, jaribu ndimu kabla ya chumvi. Mara nyingi kilichopungua ni uchachu.

Ipumzishe dakika 10, ladha zijuane. Kisha peleka mezani. Raha yake ipo ndani ya saa ya kwanza. Kama wageni wako ni wa kuchelewa, na tunawajua, kata kila kitu mapema lakini usichanganye. Nyanya zibaki bila chumvi kwenye bakuli lake, vitunguu kwake, giligilani kwenye kitambaa chenye unyevu. Ukisikia wamefika kituoni, tia chumvi.

Blenda? Kwa salsa hii, hapana. Inapiga hewa ndani ya nyanya, unapata povu la waridi linalofanana na maziwa ya stroberi. Nyanya mbichi na blenda hazijawahi kuelewana.

Ila kama umerudi nyumbani na nyanya laini, zilizopondeka kwenye mfuko, usilie. Hizo zina kazi yake, na kwa maoni yangu ni kazi nzuri kuliko zote. Tengeneza salsa ya kuchoma.

Washa jiko, weka tawa la chapati likauke na kupata moto mkali. Usitie mafuta. Wameksiko wana chombo chao, comal, bapa kama tawa lako, cha chuma au cha udongo, na kazi hii hii ndiyo yake. Panga nyanya nzima, pilipili nzima, robo ya kitunguu, na punje 2 za kitunguu saumu zikiwa na maganda yake. Geuza mara kwa mara. Pilipili na saumu zitawahi, zitoe zikipata madoa meusi. Nyanya ziache dakika 10 na zaidi, mpaka ganda liungue, lipasuke, na nyama ilainike. Ukiwa na jiko la mkaa lililobaki na moto baada ya kuchoma nyama, weka nyanya juu ya wavu moja kwa moja. Hiyo ndiyo bora.

Usiogope weusi. Menya ganda lililoungua sana, lililobaki liache. Moshi ule ndio kiungo.

Kisha kinu. Cha Meksiko huitwa molcajete, kimechongwa kwa jiwe la volkano, kina miguu 3 na uso mkwaruzo. Chako cha mbao au cha jiwe kinatosha, mradi hakijatumika kutwangia iliki jana. Anza na saumu iliyomenywa na chumvi, twanga mpaka iwe uji mzito. Pilipili ifuate. Nyanya zije mwisho, moja moja, uziponde taratibu zibaki na mabonge. Kitunguu kikate kwa kisu, changanya. Ndimu kidogo, giligilani, kwisha. Hapa maji hayana shida, kwa sababu hii inatakiwa iwe nzito ya kumiminika. Na ikipoa, weka juu ya samaki wa kukaanga uone. Mtawa Bernardino de Sahagún, aliyeandika maisha ya Waazteki katika karne ya 16, aliwataja wauza sosi za pilipili na nyanya sokoni. Biashara ya zamani hiyo.

Msimu wa embe, badilisha nyanya nusu kwa embe lililoanza tu kuiva, bado gumu, lenye uchachu. Embe lililolainika litakuwa rojo. Pilipili mbuzi na embe zinapendana, hapo ndipo pa kuitumia ile robo. Parachichi nalo unaweza kulitia, lakini likate mwisho kabisa na ule yote siku hiyo.

Uile na nini? Kwa Wameksiko ni totopos, vipande vya tortila ya mahindi vilivyokaangwa. Dukani zipo ila bei yake utaijua mwenyewe. Mimi hutumia chapati za jana. Zikate pembetatu, zikaange kwenye mafuta ya moto mpaka zikakamae, nyunyiza chumvi zikiwa bado moto. Chipsi za muhogo zinafaa sana. Mishkaki, dagaa wa kukaanga, maharage mazito, ndizi za kuchoma: vyote vinaipokea.

Iliyobaki iweke kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko, ndani ya friji, kabla hazijapita saa 2 tangu uichanganye. Kukiwa na joto la Dar au Mombasa mwezi wa pili, fanya saa 1. Itakaa mpaka siku 3, ingawa kesho yake tayari imelegea. Ikitoa povu au harufu ya kuchacha, mwaga bila kuionja. Na usidanganyike kuifunga kwenye chupa na kuiweka kabatini kama jemu. Uchachu wake hautoshi kulinda kitu kilichofungwa bila hewa, na sumu inayoota humo haina harufu wala rangi. Ya kuweka kabatini ina vipimo vyake, si hii.

Ile iliyolegea, nayo ina mwisho mzuri. Asubuhi chuja maji, tia kijiko cha mafuta kwenye kikaango, mwaga salsa, ikaange mpaka ikauke na ianze kunukia. Vunja mayai 3, chumvi kidogo, geuza taratibu, toa yakiwa bado na unyevu. Meksiko wanayaita huevos a la mexicana, na hutengenezwa kwa nyanya, kitunguu na pilipili kama ulivyo navyo hapo. Funga ndani ya chapati, mimina chai. Wengine wakiwa bado wamelala, usiwaamshe.